Kabla ya Mei Mosi

Kijana aliyetutembeza alikwenda kinyumenyume
toka lango la mawe hadi maktaba,
uso kwetu, kisogo kwenye ngazi,
na hakujikwaa hata mara moja.
Nikasema moyoni: huyu kafundishwa vyema
kwenda asikokuona.

Nilikuwa nimetoka zamu saa moja asubuhi,
viatu vya kazi bado miguuni, vyeupe,
vikinuka dawa ya sakafu ya wazee wa Upper Darby.
Wakesho aliniomba nibadilishe. Sikubadilisha.
Sinunui mbuzi kwenye gunia, nilimwambia,
na macho ya kukagulia ndiyo haya, miguu ndiyo hii.

Miti ina vibao vya majina, kama wagonjwa.
Nje ya lango kuna duka la keki, benki,
duka la vitanda vya mbwa,
kisha nyumba, nyumba, ua, nyumba.
Wanafunzi elfu moja na mia mbili.
Wundanyi siku ya soko ina watu zaidi.
"Na usiku," nikauliza, "mnafanya nini?"
Treni ya mwisho ya Filadelfia, akajibu,
ni saa tano na dakika kumi na nane,
na wengi huikosa kwa hiari.

"Wewe unasomea nini?"
"Falsafa, na kemia kidogo."
Kemia kidogo. Kama chumvi.
Wakesho akanikanyaga kidole.

Wanaiita elimu huria.
Nimeligeuzageuza neno hilo kama nyanya sokoni:
huria kutokana na nini?
Karatasi ya msaada, niliyoikunja mara nne mkobani,
inasema chuo kitatoa hiki, serikali kile,
na kwenye mstari wa chini, kwa wino uleule mtulivu,
dola elfu tisa na mia nne ni zetu.
Kila mwaka.
Hesabu hiyo naijua kwa lugha nyingine:
zamu sitini za usiku, na mgongo.

Chuo cha jimbo kimempa karibu yote.
Kule darasa moja lina watu mia tatu,
unaweza kufia safu ya nyuma
na bado ukapewa daraja C.
Baba yake anakipenda: kina jina,
kina timu inayoonyeshwa kwenye televisheni.
"Hiki chenu," anasema, "nitamtajia nani kanisani?"

Kisha wakatuingiza darasani.
Watu tisa, meza moja ya mviringo.
Hakuna safu ya nyuma.
Walikuwa na jambo la Wagiriki, sikulifuata.
Wakesho, ambaye tangu baridi ianze
hunijibu kwa mabega,
akainua mkono. Mgeni! Akauliza.
Mwalimu, mama wa mvi na sweta iliyotoboka kiwiko,
akavua miwani. Akanyamaza.
Nikahesabu, kwa mazoea ya kupima mapigo,
sekunde kumi na nne.
Akasema: "Sijui. Hebu sema tena, polepole."

Dola elfu tisa na mia nne
kuambiwa sijui!

Na kwenye treni mtoto aliongea,
toka kituo cha kwanza hadi tuliposhuka,
mikono ikiruka, akinikata kila nilipotaka kutaja bei,
hata mzee wa kiti cha mbele akageuka, akatabasamu.
Padogo pako si pakubwa pa mwenzako.
Sawa. Lakini padogo pale ni pa nani?

Barua ni mbili kwenye mlango wa friji,
sumaku moja, ya ndizi, inazishika zote.
Leo ni tarehe ishirini na sita.
Nimelala saa tatu tu, nikaota natembea kinyumenyume
kwenye korido ya kazini, nikiwaonyesha watu vyumba
na kila kitanda kina bei.

Nilipoamka alikuwa jikoni, anakaanga mayai,
redio chini, mgongo kwangu.
Nikavuta kiti. Nikavua miwani.
"Lile swali lako," nikamwambia.
"Hebu sema tena. Polepole."